Acha hiyo skrubu! Taa zangu nane zilikufa hivyo hivyo

Mkuu weka bisibisi chini kwanza. Umesema una betri mbili za volti 12 umeziunga kupata 24, umefunga konveta ya kushusha volti iliyoandikwa ampia 10, bila mzigo inakupa 12 safi kabisa, ukiwasha taa zote za dagaa inashuka mpaka 9 na nusu, na jioni hii unataka uizungushe ile skrubu ndogo ya shaba ya kupandisha volti taa zikiwa zinawaka mpaka mita isome 12. Chini yake umeuliza paneli ya wati ngapi itatosha kuchaji na boksi gani halipitishi maji ya chumvi. Nilivyofika kwenye skrubu chai ilinikwama kooni.

Mimi navua uono na dagaa, boti inatoka pale Deep Sea Tanga. Mwaka juzi nilikuwa na ugonjwa huo huo wako, taa nane za LED za wati 12, konveta nyuma karibu na mashine, waya mita 6 kwenda mbele. Bila mzigo 12, zikiwaka zote taa zinakuwa na rangi ya chai ya maziwa. Nikaenda duka moja Ngamiani (barabara yake siitaji, ziko ishirini na moja nendeni mkahangaike wenyewe), yule jamaa hata swali moja hakuniuliza, akasema "mzigo umeizidi, chukua ya ampia 20". Elfu 85. Nikafunga, kitu kile kile. Nikarudi, akaniangalia kama mimi ndiye sijui kuwasha taa, akaniambia ongeza volti kwenye skrubu taa zikiwa zimewaka, mafundi wote wanafanya hivyo. Na mimi na akili zangu hizi nikaamini, maana alikuwa amevaa ovaroli. Ovaroli bwana!

Nikazungusha. Konveta ikafika karibu 15, kwenye taa nikasoma 12, nyeupeee, nahodha akanipigia makofi. Nikajiona injinia.

Sasa wewe unajua kazi ya dagaa ilivyo. Unawasha zote wakusanyike, halafu unaanza kuzima moja moja taratibu mpaka ibaki moja wajikusanye chini yake, ndipo nyavu inazunguka. Usiku ule tumezima saba, imebaki moja. Fikiria kilichotokea. Ile volti 2 na nusu iliyokuwa inapotelea kwenye waya ilikuwa inapotea kwa sababu taa nane zilikuwa zinavuta ampia 8. Ikibaki taa moja inavuta ampia 1, kwenye waya haipotei hata nusu volti, kwa hiyo taa yangu ya 12 ikawa inakula 14 na nusu. Na LED siyo balbu ya kizamani, volti ikizidi kidogo tu ampia zinapanda sana, maana ndani kuna LED tatu tatu kwenye mstari zinabakiza volti kama 3 tu kwa ajili ya rizista (kidude cha kubana ampia), ukiongeza 2 na nusu umeshakaribia kuzidisha ampia mara mbili. Ikawaka kama jua, ikanuka, ikazimika. Giza. Dagaa wote kwaheri. Watu kumi na wawili wananiangalia gizani, na gizani ndiyo ilikuwa heri yangu maana sikuwaona sura.

Nikadhani taa ilikuwa mbovu. Kesho yake nikaweka nyingine kwenye ile nafasi ya mwisho. Ikafa. Mpaka giza la mwezi ule linaisha nimeua nane, elfu 18 kila moja piga hesabu mwenyewe mimi nimeshapiga nimechoka, na zile siku tulizorudi na ndoo mbili sitaki hata kuziongelea, mke wangu mpaka leo akiniona na bisibisi anauliza "unaenda kuua nini tena".

Kilichoniokoa ni kijana mmoja wa Sahare anayetengeneza redio, hakufungua hata konveta. Alisema washa taa zote halafu tupime sehemu nne. Ndiyo dawa, na ndiyo ninayotaka uifanye kabla hujagusa kitu: MZIGO UWE UNAWAKA, pima kwenye vichwa vya betri, kwenye skrubu za konveta umeme unapoingia, kwenye skrubu za konveta unapotoka, halafu kwenye taa yenyewe. Hujasema hiyo 9 na nusu umepimia wapi! Bila hiyo hakuna mtu anaweza kukusaidia, ataotea tu kama wa ovaroli.

Yangu baada ya kurudisha skrubu kwenye 12 ilisoma hivi: betri 24.1, inapoingia 21.6, inapotoka 11.9, kwenye taa 9.4. Konveta haikuwa na kosa lolote mgosi! Volti 2 na nusu zilipotea kabla hazijafika, kwenye kikombe cha fyuzi kilichooza kwa chumvi na kiungo nilichosokota kwa vidole nikafunga na nailoni, palikuwa pamoto ukigusa unatoa mkono. Na hizi konveta hazina huruma, ukiipelekea volti pungufu yenyewe inavuta ampia zaidi ili itoe wati zile zile, kwa hiyo kiungo kibovu kinazidi kuchemka. Nyingine 2 na nusu zilikuwa kwenye ule waya wa mbele, nilinunua wa spika unaong'aa kama shaba, kijana akaukwangua na wembe ndani mweupe, aluminiamu imepakwa shaba! Nikaweka shaba tupu ya milimita 4 za mraba, viungo nikachomea risasi, kikombe cha fyuzi kipya, taa zikapata 11.5 na skrubu haijaguswa. Siku hizi nimeisogeza na konveta mbele kabisa karibu na taa, ile safari ndefu inapita 24 ambayo ampia zake ni nusu, hasara ya njiani inabaki robo.

Kama ukipima ukute inapoingia iko vizuri 24 lakini inapotoka penyewe ndio inashuka, hapo konveta ina kesi. Ikishuka hapo hapo ukiwasha, angalia kama ina skrubu mbili, moja huwa ya kubana ampia na huenda imetoka dukani imebanwa. Ikishuka baada ya dakika kumi ni joto, ipe bati la kupozea na usiamini namba ya kwenye boksi, hata zile konveta ndogo zenye chipu ya LM2596 zinaandikwa ampia 3 lakini bila kupozwa ukiipa 2 muda mrefu inachemka, na feki zimejaa.

Ile konveta ya ampia 20 ninayo bado, nachajia simu.

Kapime hizo sehemu nne uziandike hapa, na picha ya viungo, tena usivisafishe kwanza tuvione vilivyo.