Tezi ya thairoidi: kidonge ninameza kila siku, mbona bado ni mzito na mnyonge?

SWALI: Daktari, asalaam aleikum. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Tanga, nina umri wa miaka 38. Baada ya kuhangaika karibu mwaka mzima na uchovu, choo kigumu, hedhi nzito na baridi isiyoeleweka (mimi mzaliwa wa pwani navaa sweta mwezi wa Februari), nilipimwa damu nikaambiwa TSH yangu (homoni inayoichochea tezi, ambayo hupanda tezi inapolegea) ni 38 na kwamba tezi ya thairoidi imelegea. Nikaanzishiwa levothairoksini ya maikrogramu 50, sasa ni mwezi wa nne na sijapimwa tena. Nilikuwa na kilo 63, leo nina 75. Pete ya ndoa niliivua kwa sabuni na haijarudi kidoleni. Zaidi ya yote naumia moyo. Nasahihisha madaftari huku machozi yananitoka, na wifi zangu wanasema raha za ndoa zimenikolea. Kidonge sijawahi kukiruka hata siku moja: nakimeza saa kumi na mbili asubuhi kwa chai ya maziwa, pamoja na kile cha kuongeza damu. Je, dawa ndiyo inayoninenepesha? Naweza kuongeza kiwango mwenyewe? Jirani ameniletea unga wa mwani, anasema unatibu tezi. Na Ramadhani nifanyeje? – Mama wawili, Tanga.

JIBU: Wa aleikum salaam, Mama wawili. Umeuliza mengi, lakini mimi nimesimama kwenye kikombe chako cha chai, kwa sababu naamini sehemu kubwa ya jibu imo humo. Levothairoksini ni dawa inayotaka kuingia tumboni peke yake. Maziwa yana kalsiamu, kidonge cha kuongeza damu kina madini ya chuma, na vyote viwili hushikamana nayo utumboni, ikapita bila kufyonzwa ipasavyo. Hata chai au kahawa ya rangi tupu hupunguza kiasi kinachoingia kwenye damu. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba kwa miezi minne umekuwa ukimeza maikrogramu 50 huku mwili ukipata pungufu ya hizo. Kuanzia kesho kimeze kwa maji matupu mara uamkapo, kisha subiri nusu saa, ikiwezekana saa nzima, ndipo uweke chai mezani. Kidonge cha kuongeza damu kisogeze mchana au jioni, ili pawe na nafasi ya saa nne kati yake na hiki cha tezi. Wewe unayewahi foleni ya darasani najua nusu saa hiyo ni ghali, lakini unaweza kuitumia kuoga na kuwaandaa watoto.

Dawa hii hainenepeshi. Ni homoni ileile ambayo tezi yako ilipaswa kuitengeneza, na kazi yake ni kurudisha kasi ya mwili iliyopungua. Pamoja na hayo, sitaki nikudanganye kuhusu mizani. Tezi inapolegea, uzito unaoongezeka kwa sababu yake hasa kwa kawaida ni kama kilo mbili na nusu hadi tano, na sehemu kubwa yake si mafuta bali ni chumvi na maji yaliyonaswa mwilini, ndiyo maana uso na vidole huvimba. Wewe umeongeza kilo 12. Zilizobaki huenda zilikuja kwa njia nyingine: mtu aliyechoka hatembei, analala mapema, anakula wali uleule aliokuwa akila alipokuwa na nguvu, na mwenye huzuni mara nyingi hutafuta faraja kwenye kitu kitamu. Hizo hazitaondoka kwa kidonge. Zitahitaji kutembea kwa mwendo wa haraka dakika 30 karibu kila siku, kupunguza sukari ya kwenye chai na vitafunio vya kukaanga, na kuhakikisha kila mlo una samaki, dagaa au maharage na mboga za kutosha kabla hujaongeza wali. Kujinyima chakula kabisa usijaribu; utaongeza uchovu juu ya uchovu.

Kujiongezea kiwango ndilo jambo ninalolikataza moja kwa moja. Homoni ikizidi, moyo huenda mbio na kupoteza mpangilio wa mapigo, mikono hutetemeka, usingizi hupotea na, ikiendelea kwa muda mrefu, mifupa huwa dhaifu. Hata hivyo, shaka yako kwamba kiwango ni kidogo huenda ni ya kweli. Maikrogramu 50 mara nyingi ni kiwango cha kuanzia tu. Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa wa moyo, ambaye tezi yake karibu imesimama kabisa, dozi kamili hukadiriwa kwa takriban maikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito. Lakini dawa hii hufanya kazi taratibu: nusu yake hukaa mwilini kama siku saba, kwa hiyo damu huhitaji wiki sita hadi nane ili ionyeshe ukweli. Ulipaswa kupimwa tena TSH ndani ya muda huo na inasikitisha kwamba hukuitwa. Rudi kliniki sasa, eleza ulivyokuwa ukiimeza, na uombe pia wingi wa damu uangaliwe, kwa maana hedhi nzito peke yake inaweza kumlaza mtu. Ukihisi una ujauzito usisubiri tarehe ya kliniki, kwa kuwa mahitaji ya homoni hii hupanda tangu wiki za mwanzo.

Kuhusu mwani, ambao una madini joto, mrudishie jirani kwa adabu. Nyanda za juu za nchi yetu zilijaa rovu kwa sababu ya upungufu wa madini joto, na chumvi yenye madini hayo imesaidia sana. Hata hivyo, kwa wanaotumia chumvi hiyo, tezi hulegea mara nyingi zaidi kwa sababu kinga ya mwili inaishambulia, hali ambayo daktari Mjapani Hakaru Hashimoto aliieleza mwaka 1912. Tezi ya namna hiyo ikijazwa madini joto inaweza kulegea zaidi, na kiasi kilichomo katika unga wa mwani hutofautiana mno.

Sasa nirudi kwenye machozi ya juu ya madaftari. Si uvivu, si kukosa shukrani, wala si raha iliyokukolea, wifi zako wanisamehe. Ubongo nao hutegemea homoni za thairoidi. Zikipungua, fikra huwa nzito, kumbukumbu hupotea na moyo hunyong'onyea, na mara nyingi hali hiyo huchelewa kuliko majibu ya damu katika kurudi sawa. Mweleze mumeo jina la ugonjwa, na ikibidi aende nawe kliniki asikie mwenyewe. Ikiwa TSH itakuwa sawa na miezi miwili baadaye bado unaamka bila hamu ya lolote, basi hiyo ni sonona inayostahili tiba yake yenyewe, iwe ni mazungumzo na mtaalamu wa afya ya akili au dawa. Ukipata mawazo ya kutotaka kuishi, nenda hospitali siku hiyohiyo, usiende peke yako.

Ramadhani si kikwazo. Ukimaliza kula saa mbili usiku, kimeze saa tano unapokwenda kulala, tumbo likiwa limekaa bila chakula kwa saa tatu. Anayeamka mapema anaweza kukimeza kwa maji kisha akasubiri nusu saa kabla ya daku, lakini wengi wetu huamka adhana ikikaribia. Chagua wakati mmoja na usiubadilishe mwezi mzima.

Pete isilazimishe. Ijaribu asubuhi moja kila wiki, na ikianza kupita kwenye kifundo kabla mizani haijashuka kwa kiasi cha kukuridhisha, usishangae, kwani maji ndiyo hutangulia kutoka.