Usikimbie vitanzi: kuharakisha uchakataji wa picha kwa Numba

Ukianza kutumia Python kwa kazi za kisayansi, utaambiwa mapema sana usiandike kitanzi cha `for`, yaani amri ya kurudia kazi, juu ya pikseli. Tumia NumPy, maktaba ya hesabu ya Python, piga hesabu kwenye arei (jedwali la namba) nzima kwa mpigo. Ni ushauri mzuri, na mimi huutoa kila mara. Lakini ziko kazi nyingi za picha zisizokubali kuandikwa hivyo. Watu huzipindapinda mpaka msimbo hausomeki, au hukimbilia C++ kabla hawajahitaji kufika huko. Kwa kazi za namna hiyo mimi hutumia JIT, yaani kukompaili msimbo papo hapo programu ikiwa inaendelea, na kwa Python chombo changu ni Numba.

Kwanza tuone kwa nini Python ya kawaida inachelewa. Kila inapojumlisha vitu viwili, intapreta, yaani programu inayoendesha msimbo wa Python, inalazimika kuuliza hivi ni vitu vya aina gani, itafute namna ya kuvijumlisha, kisha itengeneze kitu kipya cha kubebea jibu. Picha ya 4000 kwa 3000 ina pikseli milioni 12. Kila pikseli ikihitaji hesabu kumi, maswali hayo yanarudiwa mara milioni 120. Numba, iliyoanzishwa mwaka 2012 na Travis Oliphant, ambaye ndiye pia aliyeunda NumPy, husubiri fanksheni iitwe, ikaangalia aina za data ulizoipa, halafu ikaipitisha kwenye LLVM, mfumo wa kutengenezea kompaila, na kupata maagizo ya mashine yanayozifaa aina hizo tu. Swali la aina linajibiwa mara moja, kabla kitanzi hakijaanza kuzunguka.

Mfano ninaoupenda ni njia ya Floyd na Steinberg ya mwaka 1976, ya kugeuza picha ya kijivu iwe na rangi mbili tu, nyeusi na nyeupe, huku jicho likiendelea kuona vivuli. Kila pikseli inasukumwa kwenda 0 au 255, na tofauti iliyobaki inagawiwa majirani ambao bado hawajafikiwa:

```
import numpy as np
from numba import njit

@njit
def tawanya(p):
    urefu, upana = p.shape
    for y in range(urefu):
        for x in range(upana):
            awali = p[y, x]
            mpya = 255.0 if awali >= 128.0 else 0.0
            p[y, x] = mpya
            baki = awali - mpya
            if x + 1 < upana:
                p[y, x + 1] += baki * 7 / 16
            if y + 1 < urefu:
                if x > 0:
                    p[y + 1, x - 1] += baki * 3 / 16
                p[y + 1, x] += baki * 5 / 16
                if x + 1 < upana:
                    p[y + 1, x + 1] += baki / 16
    return p

matokeo = tawanya(picha.astype(np.float32))
```

Jaribu kuiandika hii kwa NumPy bila kitanzi. Pikseli haiwezi kuamua rangi yake mpaka ya kushoto kwake iwe imeshaamua, kwa hiyo huwezi kushika mstari mzima kwa mkupuo. Hapo ndipo JIT inapoonyesha thamani yake. Ukiondoa `@njit`, alama inayoiambia Numba ikompaili fanksheni, picha kubwa inakufanya usubiri sekunde nyingi. Ukiirudisha, kazi inakwisha ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Na msimbo unabaki vilevile ulivyo kwenye maelezo ya njia yenyewe, mtu mwingine akiusoma anaufuata.

Unapopima kasi, usihesabu mwito wa kwanza. Huo unabeba muda wa kukompaili, na kwa picha ndogo muda huo unaweza kuzidi kazi yenyewe. Iite fanksheni mara moja kwa picha ndogo ya aina ileile, kisha ndipo upime. Nasisitiza aina ileile kwa sababu ukiipa `float32` kisha baadaye `float64`, Numba inakompaili toleo jingine. Hata arei uliyoipindua kwa `.T` inaweza kuleta toleo jipya, kwa kuwa mpangilio wake kwenye kumbukumbu umebadilika. Ukiona programu inakwamakwama mahali usipotarajia, angalia `tawanya.signatures`, utaona matoleo yote yaliyokwisha kutengenezwa.

Sasa tuje kwenye jambo linalonihangaisha kuliko kasi, nalo ni usahihi wa majibu. Picha nyingi hufika zikiwa `uint8`, yaani namba kamili kutoka 0 hadi 255, zisizo na alama ya kutoa. Tuseme unatafuta mabadiliko kati ya picha mbili za eneo moja, unatoa pikseli ya pili kwenye ya kwanza na kuuliza kama tofauti inazidi 30. Ya kwanza ni 3, ya pili ni 5. Kwenye arei za NumPy jibu litakuwa 254, kwa sababu namba inazunguka ndani ya biti 8. Ndani ya kitanzi cha Numba, namba mbili zisizo na alama hupanuliwa kwanza hadi biti 64, na jibu linakuwa 18446744073709551614. Kote kuwili programu itakuambia eneo limebadilika sana, wakati tofauti halisi ni mbili tu. Hakuna onyo, hakuna programu kusimama. Ramani itatoka nzuri kabisa, ya uongo.

Dawa yake ni fupi: badilisha aina waziwazi kabla ya kutoa, `np.int32(a[y, x]) - np.int32(b[y, x])`. Mimi sikubali fanksheni ya picha yenye kutoa ndani yake ambayo haina mageuzi hayo, hata kama mwenye nayo anaapa kwamba data yake haiwezi kufika huko.

Pili, chaguo la `@njit` liitwalo `fastmath=True`. Inavutia, kwa kuwa inampa kompaila ruhusa ya kupanga upya majumlisho. Lakini pamoja na ruhusa hiyo unaiambia pia kwamba data yako haina NaN, yaani thamani ya "si namba". Picha za setilaiti mara nyingi hutumia NaN kuweka alama kwenye sehemu zilizofunikwa na mawingu, na ukiuliza `np.isnan` ndani ya fanksheni hiyo huna uhakika wa kupata jibu la kweli. Kama data yako ina mapengo, iache.

Tatu, Numba kwa kawaida haikagui mipaka ya arei. Ukisoma nje ya ukingo wa picha, utapewa chochote kilichokuwa pale kwenye kumbukumbu, na kazi itaendelea. Wakati wa kujaribu, weka `NUMBA_BOUNDSCHECK=1` kwenye mazingira ya mfumo. Halafu linganisha majibu na ya fanksheni ya asili, ambayo bado ipo kwenye `tawanya.py_func`. Chukua picha ndogo ya namba za bahati nasibu, nakala moja kwa kila upande kwa sababu fanksheni yetu inaandika juu ya arei inayopewa, uone kama majibu yanakubaliana. Jaribio hilo huchukua mistari michache tu, na kwangu halikosekani.

Kuhusu viini vingi vya prosesa: chaguo la `parallel=True` pamoja na `prange`, yaani `range` inayogawa mizunguko kwa viini, hufaa pale ambapo kila mstari wa matokeo unajitegemea, kwa mfano kichujio cha wastani kinachosoma picha moja na kuandika kwenye nyingine. Kwa Floyd na Steinberg usithubutu, mistari inategemeana. Na histogramu, yaani hesabu ya pikseli ngapi zina kila thamani, ndiyo mtego mkubwa: viini viwili vikiongeza kwenye kisanduku kimoja kwa wakati mmoja, baadhi ya hesabu zinapotea, na kila ukiendesha unaweza kupata jumla tofauti. Kipe kila kipande cha kazi histogramu yake, ujumlishe mwishoni.

Mpangilio wa vitanzi nao una uzito. Arei ya NumPy kwa kawaida imehifadhiwa mstari kwa mstari, hivyo kitanzi cha ndani kiwe cha `x`. Ukivigeuza, prosesa inarukaruka kwenye kumbukumbu na sehemu ya faida uliyopata inayeyuka.

Si kila kitu kinastahili `@njit`. Vichujio vya kawaida tayari viko ndani ya OpenCV, maktaba ya kuchakata picha, vimeandikwa kwa C++ na watu walioshughulikia kila mstari. Jedwali la pandas, maktaba ya majedwali ya data, halikubaliki ndani ya `@njit`. Toa arei kwanza, ndipo uipeleke. Na kabla ya yote, endesha `cProfile`, kipimo cha Python kinachoonyesha muda unaishia wapi. Kanuni ya Gene Amdahl ya mwaka 1967 bado inatawala: kama nusu ya muda inaishia kwenye kusoma mafaili, hata ukiifanya hesabu iwe ya papo hapo kabisa, programu nzima haitazidi mara mbili ya kasi ya mwanzo.

Kama programu yako inawashwa na kuzimwa mara kwa mara, ongeza `cache=True` ili toleo lililokompailiwa lihifadhiwe kwenye diski. Angalizo moja tu: fanksheni yako ikiita nyingine iliyo kwenye faili tofauti, ukaibadilisha ile ya pili, Numba haitagundua, itaendelea kutumia toleo la zamani. Futa `__pycache__` kila unapogusa faili hizo za pembeni.