Maswali ya wasomaji: Kimbunga Taylor na hoki ya barafuni ya zamani

Toleo lililopita tulimwandika Fred "Cyclone" (yaani Kimbunga) Taylor, Mkanada kutoka Listowel, Ontario, aliyecheza hoki ya barafuni kwa malipo kuanzia 1906 hadi alipotundika viatu 1921. (Mwaka mmoja na ushei baadaye alirudi kwa mechi moja tu.) Barua zilizokuja zimejaa maswali, na haya ndiyo yaliyojirudia zaidi.

Mlisema klabu ya Renfrew ilimpa dola 5,250 kwa msimu mmoja, mwaka 1909. Mji mdogo vile ulizitoa wapi? (Msomaji, Mwanza)

Ardhini. Tajiri wa Renfrew, M. J. O'Brien, alikuwa na mgodi wa madini ya fedha kule Cobalt, naye alitaka Kombe la Stanley, taji kuu la hoki ya Kanada, lije nyumbani kwao. Msimu ulikuwa wa mechi 12, kwa hiyo kila mechi Taylor aliondoka na zaidi ya dola 437. Kabla ya hapo, Houghton, Michigan, mji wa migodi ya shaba uliokuwa na timu katika ligi ya kwanza ya kulipwa kikamilifu (1904 hadi 1907), walimpa dola 400 na gharama zake.

Bei ilipanda namna hiyo kwa sababu bidhaa ilikuwa adimu. Viwanja vingi vilitegemea baridi ya asili, hivyo ligi ilianza Januari na kuisha mapema Machi. Hali ya hewa ikipata joto kidogo, barafu inalainika na mechi inageuka kuwa ya kusukumana kwenye maji. Timu ilikuwa na watu saba, na walioanza ndio waliomaliza, dakika 60, isipokuwa mtu aumie. Ukimpata mmoja mwenye mbio na pumzi, umenunua sehemu ya saba ya timu nzima. Hata hivyo Kombe halikufika Renfrew, na baada ya msimu wa 1910–11 klabu ikafungwa.

Kwa maoni yetu, mkataba wake mzuri zaidi ulikuwa ule wa Ottawa, 1907. Fedha taslimu zilikuwa dola 500 tu, lakini juu yake aliwekewa ajira serikalini, katika idara ya uhamiaji. Miaka michache kabla, alipokataa kuhamia timu ya Toronto, chama cha hoki cha Ontario kilimfungia asicheze mkoani, naye hakuwa na la kufanya ila kuondoka. Renfrew ilipovunjika na haki zake zikapelekwa kwa Wanderers ya Montreal, alikataa pia. Safari hii mshahara wa serikali ulikuwepo, akakaa nje karibu msimu mzima wa 1911–12, kisha 1912 akaenda Vancouver.

Alicheza nafasi gani? Sehemu moja mmemwita beki, nyingine mfungaji. (Msomaji, Mombasa)

Vyote viwili ni kweli. Saba wa wakati ule walipangwa hivi: kipa, beki wa nyuma, beki wa mbele yake (mabeki walisimama mmoja mbele ya mwenzake, si bega kwa bega), rova, mshambuliaji wa kati na mawinga wawili. Rova hakuwa na eneo; alikwenda kilipo kisahani, yaani kile kiduara kigumu kinachochezwa badala ya mpira. Ottawa ilimweka Taylor beki wa mbele, Vancouver ikamfanya rova na wakati mwingine mshambuliaji wa kati.

Sababu ya beki kuwa tishio la goli imo kwenye sheria ya kuotea. Ilifanana na ya raga: aliye mbele ya kisahani ameotea, kwa hiyo pasi ilitolewa ubavuni au nyuma tu. Njia pekee ya kusonga mbele ni mtu kukibeba mwenyewe kwenye gongo lake. Anayeanzia nyuma ana uwanja mrefu wa kuchanganya mbio, na akifika kwa wapinzani tayari yuko kasi kamili huku wao wamesimama. Inasimuliwa kwamba Gavana Mkuu wa Kanada, Earl Grey, alipomtazama Ottawa mwaka 1908 ndipo jina la Kimbunga lilipozaliwa.

Ligi ya pwani ya magharibi, aliyochezea Vancouver, ilianza kuruhusu pasi ya mbele katika eneo la kati ya uwanja msimu wa 1913–14. Mtu angedhani wabebaji wa mtindo wake wamekwisha. Lakini msimu wa 1917–18 alifunga magoli 32 katika mechi 18.

Nateleza kwenye barafu hapa Nairobi. Taylor alisifika kwa kwenda kinyumenyume. Mimi kila nikijaribu naanguka. Nakosea wapi? (Msomaji, Nairobi)

Anza na viatu. Kiatu cha hoki huvaliwa kidogo kuliko cha mtaani, kwa kawaida namba moja hadi moja na nusu chini. Kamba zilegee kiasi vidoleni, zikazwe barabara kwenye kifundo. Kifundo kikilala ndani, unasimama kwenye ukingo mmoja tu wa chuma, na hapo hakuna mbinu itakayokuokoa.

Kisha simama magoti yamekunjwa, kiuno chini kama unayetaka kukaa kwenye kigoda, kifua juu. Uzito uwe katikati ya unyayo. Geuza kisigino cha mguu mmoja nje, sukuma barafu kwa ukingo wa ndani ukichora nusu duara kuelekea mbele, halafu rudisha mguu chini ya nyonga. Badilisha mguu. Mguu usiochora ubaki barafuni, usiunyanyue.

Wengi huanguka kifudifudi kwa kutazama miguu: kichwa kikishuka, uzito hukimbilia vidoleni, na ncha ya chuma hukwama. Wanaoanguka chali wamenyoosha magoti. Na gongo lishike kwa mkono mmoja, ubapa wake uguse barafu. Kama ukivaa viatu vya barafu gongo linapita kidevu, likate.

Baada ya michezo alifanya nini? (Msomaji, Muscat)

Kazi ile ile ya uhamiaji. Hakuiacha hata alipokuwa nyota. Ina ukurasa mchungu. Mei 1914 meli Komagata Maru ilifika Vancouver na abiria 376 kutoka India, wengi wao Masingasinga. Taylor alikuwa miongoni mwa maofisa wa uhamiaji walioishughulikia. Abiria 24 tu waliruhusiwa kushuka. Baada ya miezi miwili bandarini meli ilifukuzwa, Julai 23. Mwaka uliofuata, mji huo huo ulimshangilia Vancouver ilipoifunga Ottawa mechi tatu mfululizo, 6–2, 8–3 na 12–3, na kutwaa Kombe la Stanley.

Alipanda hadi kuwa mkuu wa uhamiaji wa British Columbia na Yukon, akapewa OBE, nishani ya heshima ya Uingereza, mwaka 1946, na akastaafu 1950. Alifariki Vancouver, Juni 1979.