Maswali na majibu: Darasa zima likifeli, mhadhiri aanzie wapi?

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa wahadhiri wachanga ambao wametoka kusahihisha tesiti ya kwanza ya semesta.

Mwalimu, nafundisha uchumi mwaka wa kwanza. Zaidi ya nusu ya darasa wamepata chini ya nusu ya alama. Nirudie mada, au nisonge mbele? Silabasi haisubiri. (Mhadhiri msaidizi, Dodoma)

Rudi kwenye karatasi kwanza. Alama achana nazo kwa muda, soma walichoandika. Chukua karatasi ishirini hivi za waliofeli, uzisome swali moja tu. Mara nyingi makosa hujipanga yenyewe katika mafungu mawili matatu.

Kwenye somo lako naweza kubashiri fungu moja. Umeuliza: bei ya sukari ikipanda, onyesha kinachotokea kwenye mahitaji. Wamechora mstari mpya wa mahitaji (ule unaoonyesha watu hununua kiasi gani kwa kila bei), kushoto kwa ule wa zamani. Bei ya sukari yenyewe haihamishi mstari. Inampandisha mnunuzi kutoka nukta moja hadi nyingine juu ya mstari uleule. Kinachohamisha mstari ni mambo mengine, kama kipato chake au bei ya asali. Aliyechora hivyo hakulala. Amesoma, ila amechanganya vitu viwili ambavyo huenda ulivipitisha kwenye slaidi moja ukiwa unakimbizana na saa.

Kwa kosa la namna hiyo usirudie mada nzima. Ingia na michoro miwili, mmoja sahihi na mwingine wenye kosa, bila majina ya waliochora, uwaache wabishane. Kipindi kimoja kinatosha. Lakini ukikuta makosa hayana mpangilio, kila mtu kapotea kivyake, basi mada haikuingia kabisa. Hapo irudie, na ukate kitu mbele kwenye silabasi, hata kama mkuu wa idara atanuna. Kuwasukuma tu wakakutane na sapu, yaani mtihani wa marudio, ni kuahirisha kazi ileile.

Nikiuliza "Mmeelewa?" wanaitikia "Ndiyooo". Mtihani ukija, hakuna kitu. (Mwalimu wa fizikia, Mbeya)

Swali hilo lina jibu moja tu la adabu, na wamekupa.

Eric Mazur, mwalimu wa fizikia Harvard, alikutana na jambo hilihili mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wanafunzi wake walikokotoa hesabu ngumu bila shida, lakini walipopewa maswali mepesi ya maneno kuhusu nguvu na mwendo, wengi walianguka. Mmoja alimuuliza ajibu vipi: kama alivyofundishwa, au kama anavyofikiri mwenyewe siku zote? Mazur akabadili ufundishaji. Anatoa swali lenye majibu ya kuchagua, kila mtu anachagua kimyakimya, kisha anamshawishi jirani yake, halafu wanachagua tena.

Huhitaji vifaa. Kila mmoja aonyeshe jibu lake kwa vidole kifuani, kimoja hadi vinne, ili jirani asichungulie. Wakigawanyika nusu kwa nusu, waache wabishane. Wakipatia karibu wote, endelea.

Na ukiuliza, subiri. Mary Budd Rowe, mtafiti wa elimu ya sayansi, alipochunguza madarasa ya sayansi Marekani alikuta walimu wakingoja kama sekunde moja tu kabla ya kuendelea. Waliposubiri sekunde tatu, majibu yalirefuka na wanafunzi wengi zaidi wakajitokeza. Sekunde tatu mbele ya darasa lililonyamaza ni ndefu mno. Hesabu moyoni.

Nimejaribu mbinu shirikishi. Kwenye tathmini wameandika: "Hafundishi, anatuachia tujifundishe wenyewe." (Nairobi)

Pole, ila hukutarajia pongezi. Mwaka 2019 watafiti wa Harvard walilinganisha mihadhara mizuri na vipindi vya kujadiliana katika fizikia: waliojadiliana walipata alama zaidi, huku wenyewe wakihisi wamejifunza kidogo. Kufikiri kunachosha, na mtu aliyechoka hudhani kashindwa. Waeleze hilo wiki ya kwanza, kabla hawajakasirika.

Hata hivyo usijifiche nyuma ya utafiti. Jiulize kama baada ya mjadala huwa unasimama na kusema jibu ni hili, kwa sababu hii. Ukiwaacha watoke wakiwa bado hawajui nani alikuwa sahihi, malalamiko yao ni ya haki.

Kazi ya kikundi cha watu kumi: mmoja anaandika, tisa wanaweka namba za usajili.

Kumi ni wengi mno. Weka wanne, na siku ya kuwasilisha mchague wewe wa kueleza, papo hapo. Alama ya huyo iwe ya wote. Watafundishana usiku huohuo.

Je, niwaruhusu wajadiliane kwa Kiswahili wakati kanuni inataka Kiingereza? (Morogoro)

Mimi naruhusu. Wajadiliane kwa Kiswahili, kisha waandike hitimisho kwa Kiingereza, kwa kuwa mtihani utakuja kwa lugha hiyo. Wape muda wa hatua ya pili, kwani hapo ndipo utaona nani alishika hoja akakosa maneno, na nani alikariri maneno bila hoja. Hao wawili wanahitaji misaada tofauti, na kwenye karatasi ya mtihani sura zao hufanana.