Maswali ya Kazini: Mbona Nikiuliza Sijibiwi?

Mwezi huu barua nyingi zimegusa kitu kimoja tu, kuuliza. Kuna wanaouliza hawajibiwi, kuna wanaoogopa kuuliza, na viongozi nao wanalalamika kwamba wakiuliza hawaambiwi ukweli. Nimechukua nne nimezifupisha kidogo, ya kwanza nimeijibu kwa urefu maana naona inawahusu wengi.

Dada shikamoo. Niko kwenye kazi yangu ya kwanza, bado mgeni, na ofisini kwetu mambo mengi yanaenda kwa meseji. Nikikwama namwandikia msimamizi wangu "habari za kazi, samahani nina swali", nasubiri aitikie ndo niulize, anaisoma anakausha mpaka jioni. Juzi nikauliza kwenye grupu la ofisi "jamani hii ripoti inagoma nifanyeje", akanijibu mbele ya wote "jiongeze". Tangu siku hiyo naogopa, nakaa na kitu kutwa nzima nahangaika mwenyewe. Wanasema kuuliza si ujinga, mbona mimi naonekana mjinga? Mgeni Kazini

Marahaba mdogo wangu, na pole. Nianze na huyo msimamizi, kumwambia mgeni "jiongeze" mbele za watu si sawa, anayeambiwa hivyo hajiongezi, ananyamaza, na wewe mwenyewe ndo unachofanya sasa hivi. Hilo ni lake. Ila kuna upande wako ambao unaweza kuubadilisha kesho asubuhi bila kumsubiri yeye abadilike, kwahiyo tukae hapo.

Jiweke kwenye kiti chake. Ana meseji kibao, anafungua yako anakuta "nina swali". Hajui ni swali la nusu dakika au la saa nzima, hajui kama kuna kitu kinaungua au kinaweza kusubiri, na hapo hana hata cha kujibu zaidi ya "uliza". Anaiacha ili airudie akipata nafasi, na nafasi yenyewe ndo hiyo jioni. Salamu usiiache, kumsalimia mtu ni heshima na hakuna anayekukataza, ila salamu na swali viende kwenye meseji moja.

Alafu tuangalie "inagoma". Inagoma kufunguka? Inagoma kuprinti? Namba hazilingani? Anayesoma inabidi akuulize maswali matatu ndo ajue umekwama wapi, na mtu mwenye haraka hayaulizi, anasema jiongeze. Sasa fikiria ungeandika hivi:

"Habari za asubuhi bosi. Naandaa ripoti ya mauzo ya mwezi, inatakiwa kwa wahasibu kesho saa nne asubuhi. Jumla yangu imekuwa ndogo kuliko ya kwenye mfumo. Nimepitia mstari kwa mstari, nimeona tofauti inatokana na oda ambazo wateja walizirudisha, mimi nimezitoa ila mfumo bado unazihesabu. Je, tunazitoa au tunaziacha? Nadhani tunazitoa. Nisipopata jibu mpaka saa tisa nitaendelea hivyo na kuweka maelezo chini ya jedwali."

Ni ndefu, ndiyo, ila anaisoma mara moja na anaweza kujibu kwa neno moja tu, "zitoe". Ameona unataka kufika wapi na lini, ameona umeshajaribu nini na kitu kimeanzia kuharibika wapi, na kubwa zaidi ameona unafikiri nini. Mtu akishaona mawazo yako hawezi kukuona mjinga, hata kama wazo lenyewe si sahihi, maana atakurekebisha pale pale ulipopotea badala ya kuanza kukufundisha kazi upya. Hiyo sentensi ya mwisho ya "nisipopata jibu" nayo usiitumie kila mahali, iweke kwenye mambo ambayo yakikosewa yanarekebishika. Kwenye hela inayotoka, siri za wateja au usalama wa mtu, usiendelee mpaka ujibiwe, na kama meseji haijibiwi piga simu.

Kama kompyuta imeandika ujumbe wa kosa, nakili maneno yenyewe kama yalivyo au tuma skrinishoti, usimsimulie. Tofauti ya herufi moja inaweza kumwonyesha anayejua tatizo liko wapi.

Kuna kosa lingine la kuuliza ambalo hata wazoefu wanalifanya kila siku. Mtu ana tatizo, anajichagulia njia ya kulitatua kichwani mwake, anakwama kwenye hiyo njia, alafu anauliza kuhusu njia tu bila kusema tatizo. Anauliza "kuna programu gani ya kugeuza picha iwe maandishi?" Anatajiwa, anaipakua, anahangaika nayo nusu siku, kumbe alichokuwa anatafuta ni orodha ya wateja ambayo aliyekaa meza ya pili anayo kwenye faili la kawaida kabisa. Angesema "natafuta orodha ya wateja, niliyonayo ni picha tu" angeipata kabla chai haijapoa. Kwahiyo hata kama unauliza kitu kidogo, tanguliza unachotaka kukamilisha.

Ujaribu mwenyewe kwa muda gani kabla ya kuuliza? Kwangu mimi nusu saa hivi inatosha kwa jambo la kawaida, pitia mwongozo, tafuta kwenye meseji za nyuma kama kuna aliyewahi kuuliza, na kama hakuna kitu uliza. Kutwa nzima ni nyingi mno, hasa kama kuna mwenzako anasubiri kazi yako ili aanze yake. Na ukijibiwa usiishie hapo, rudisha majibu, "nimezitoa, jumla zimelingana, asante". Watu wengi hawalifanyi hili, na ndo linalomfanya mtu apende kukujibu tena.

La mwisho, mfuate huyo msimamizi kwa utulivu umuulize, "nikikwama ungependa nikuulize vipi, nitume papo hapo au niyakusanye tuongee mara moja kwa siku?" Wasimamizi wengi hawajawahi kuulizwa hilo, na jibu lake litakupunguzia hofu kuliko ushauri wangu wote huu.

Dada, mimi naongoza timu ya watu tisa. Kila mitingi namaliza kwa kuuliza "mmeelewa?", wote "ndiyooo". "Kuna swali?" Kimya. Wiki ikiisha kila mtu amefanya kivyake. Nimeshawaambia mlango wangu uko wazi. Nifanye nini tena? Kiongozi Aliyechoka

Kiongozi, "mmeelewa?" ni swali lenye jibu moja tu la heshima. Nani atanyoosha mkono mbele ya wenzake wanane aseme yeye hajaelewa? Na hata anayesema ndiyo kwa moyo mweupe, anamaanisha ameelewa alichoelewa yeye, hawezi kujua kama ndicho ulichokimaanisha wewe.

Badilisha swali. Mwambie mmoja, "hebu nieleze utaanza na nini kesho", na mwingine, "unaona wapi tutakwama?" Hapo unasikia kazi ilivyokaa kichwani mwao wakati bado mko pamoja. Marubani wanafanya hivi kila siku, akipewa maelekezo na muongoza ndege hasemi "sawa nimeelewa", anayarudia maelekezo yenyewe ili kama kuna namba amesikia vibaya ikamatwe hapo hapo. Kwenye timu yako isiwe kama mtihani lakini, sema wazi kwamba unataka kujua kama wewe umeeleza vizuri.

Alafu ukiuliza, subiri. Mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe aliwachunguza walimu miaka ya 1970 akakuta wengi baada ya kuuliza wanasubiri kama sekunde moja tu kabla ya kuendelea kuongea. Walipofundishwa kusubiri sekunde 3 au zaidi, majibu ya wanafunzi yakawa marefu na yenye mawazo, na waliokuwa kimya wakaanza kuchangia. Hao walikuwa watoto darasani ila naona kwenye mitingi ni yale yale, kiongozi anasema "kuna swali? haya tuendelee" kwa pumzi moja.

Kuhusu mlango wazi, swali ninalokuuliza mimi ni hili, mara ya mwisho mtu alipokuletea swali au kosa ulimjibu vipi? Maana watu hawaangalii mlango, wanaangalia kilichompata aliyeingia. Mtafiti Amy Edmondson wa Chuo Kikuu cha Harvard alifanya utafiti hospitalini miaka ya 1990 akitegemea kwamba timu zenye ushirikiano mzuri zitakuwa na makosa machache ya dawa. Akakuta zimerekodi makosa mengi zaidi! Maelezo aliyofikia ni kwamba kwenye timu hizo watu walikuwa huru kuyasema, kwingine yalifichwa. Kwahiyo kimya cha timu yako kisikufariji hata kidogo.

Na kuna swali moja ambalo kila mwenye cheo angelijua. Machi 27, 1977, kwenye uwanja wa ndege wa kisiwa cha Tenerife, Uhispania, kulikuwa na ukungu mzito, ndege ya KLM ikaanza kukimbia kuruka kabla haijaruhusiwa wakati ile ya Pan Am bado iko kwenye njia hiyo hiyo. Injinia wa ndege ya KLM alisikia redio, akapata wasiwasi, akauliza kama ile nyingine imeshatoka njiani. Kapteni, ambaye alikuwa rubani wa kuheshimika sana, akajibu kwa mkazo kwamba ndiyo. Swali likaishia hapo. Walikufa watu 583. Swali lilikuwa sahihi na liliulizwa kwa wakati, lilizimwa na namna lilivyojibiwa. Baada ya ajali kama hizo mashirika ya ndege yakaanza kuwafundisha wadogo kusema wasiwasi wao wazi na kurudia wasiposikilizwa, na makapteni kuupokea.

Kwahiyo mtu akikuuliza kitu ambacho kwako ni wazi kabisa, mjibu kama vile ni swali la maana, alafu umshukuru mbele ya wenzake kwa kuuliza.

Nilimwandikia bosi maelezo marefu ya wazo langu, akajibu "Sawa." Nukta. Sijalala. Amekasirika? Wa Meseji

Hujui, na mimi sijui, na hilo ndo tatizo la maandishi. Mwaka 2005 mwanasaikolojia Justin Kruger na wenzake walichapisha utafiti ambapo watu walituma sentensi, nyingine za kweli nyingine za kejeli, wakatabiri kwamba msomaji wa imeli atatambua ipi ni ipi kwa asilimia 78. Wasomaji walipatia asilimia 56 tu, karibu sawa na kubahatisha. Anayeandika anaisikia sauti yake kichwani, anayesoma haisikii.

Usikae unachambua nukta. Muulize kitu kinachojibika, "asante bosi, hiyo sawa ni kwamba nianze au kwamba umeipokea na utaisoma baadaye?" Na kama jambo lina hisia ndani yake, mmepishana, au mmeshajibizana mara mbili tatu hamuelewani, acheni kuandika, pigianeni simu.

Nikiwauliza wenzangu "kwa nini umefanya hivi?" wananuna, wakati nataka kuelewa tu. Wanataka nisiulize? Nauliza kwa Nia Njema

Nia yako naiamini, ila "kwa nini umefanya" wengi tulianza kuisikia tulipokuwa tumekosea, kwahiyo mtu akiisikia anaanza kujitetea kabla hajafikiri. Hamisha swali kutoka kwa mtu liende kwenye kazi. "Ni kitu gani kilikufanya uchague njia hii?" au "nisaidie kuelewa hapa ulipobadilisha".

Simaanishi uache kutafuta chanzo. Taiichi Ohno wa Toyota alifundisha kuuliza kwa nini mara 5, na mfano wake ni mashine iliyosimama. Imesimama kwa nini? Fyuzi imekatika kwa kuzidiwa. Kwa nini ilizidiwa? Beringi haikupata mafuta ya kutosha. Kwa nini? Pampu ya mafuta haivuti vizuri. Kwa nini? Shafti yake imelika. Kwa nini? Haina chujio, vipande vya chuma vimeingia. Angalia kwamba hakuna hata moja inayomuuliza fundi "kwa nini WEWE". Wangeishia kwenye fyuzi wangeibadilisha ikatike tena, na wangeishia kwa fundi wangemgombeza na chujio lisingewekwa.

Maneno unayoyachagua pia yanabadilisha unachoambiwa. Wanasaikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer mwaka 1974 waliwaonyesha watu filamu za magari yakigongana, wakawauliza yalikuwa kwenye mwendo gani. Walioulizwa kwa neno la "yalipopondana" walikadiria wastani wa zaidi ya maili 40 kwa saa, walioulizwa "yalipogusana" wakasema 31.8. Filamu zile zile! Sasa ukimuuliza mwenzako "ulichanganyikiwa wapi?" umeshamwambia kwamba alichanganyikiwa, na atakachokujibu kitakuwa kinapigana na hilo neno. Muulize "ilikuwaje?" alafu mwache aanzie anapotaka yeye, usimkatishe hata akianzia mbali.