Lacock: kipi cha kuona?
Ndugu, umeuliza kama kijiji cha Lacock, kule Wiltshire, Uingereza, kuna cha maana zaidi ya nyumba kuukuu. Kipo! Anza na abasia, yaani nyumba ya watawa, iliyoanzishwa mwaka 1232 na Ela wa Salisbury kwa ajili ya watawa wa kike. Mfalme Henry VIII alipozifunga nyumba za watawa, ikauzwa, ikageuzwa makazi ya tajiri. Humo ndimo William Henry Fox Talbot, mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, alimopiga picha ya dirisha mwaka 1835, na negativu yake (picha ya awali ambamo mwanga na giza vimegeuzwa), ndogo kama stempu, ndiyo kongwe zaidi iliyobaki duniani. Mimi ningeenda kwa hilo dirisha tu. Ukitoka, pitia ghala la kale la zaka, yaani sehemu ya mavuno iliyotolewa kwa kanisa. Kijiji karibu chote ni cha National Trust, shirika la kuhifadhi majengo na maeneo ya kale, tangu 1944, lakini watu bado wanaishi humo, kwa hiyo usichungulie madirishani.