Mwanangu, Stoo Usiifagie Kwanza

Bagamoyo

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Barua yako niliipata juzi. Unaniarifu kwamba bodi ya kituo cha sanaa cha jamii cha huko Ngamiani, Tanga, imekuteua kuwa mkurugenzi, na kwamba utaripoti siku moja na meneja wa mafunzo na afisa wa fedha, wote wageni kama wewe. Kisha unaniuliza, kwa kuwa nilikuwa mhazini wa kituo cha namna hiyo hapa Bagamoyo kwa miaka kumi na minne, iwapo mabadiliko uyaanze mara moja au usubiri kwanza uzoeleke.

Jibu langu ni kwamba mambo ya fedha uyaanze wiki ya kwanza, na mambo ya ufundishaji usiyaguse mpaka muhula uishe.

Chuo cha Sanaa cha hapa kwetu, kilichoanzishwa mwaka 1981 na kufanywa wakala wa serikali mwaka 2007 kwa jina la TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, kina serikali nyuma yake. Jukwaa lake lilipoungua mwaka 2002, chuo hakikufungwa. Lakini ninyi ni shirika lisilogawana faida, mnaishi kwa ruzuku, michango na ada ndogo za wazazi, na kila shilingi inayoingia imekwisha kupangiwa kazi kabla haijafika benki. Mkurugenzi mmoja tuliyempokea kituoni kwetu hakulielewa jambo hilo. Alichukua fedha zilizotolewa kwa ajili ya ala za watoto, akapaka ofisi rangi na kununua viti, akinuia kuzirudisha mradi mwingine utakapolipa. Sikumwona mwizi, na hata leo simwiti hivyo. Lakini mfadhili alipokuja kukagua akauliza zilipo ngoma na zeze, sisi tukawa hatuna cha kumwonyesha ila viti, na tena tulimkalisha juu yake. Tulizirejesha fedha zile kidogo kidogo kwa miaka miwili, na walimu wawili wakakosa posho katika muda huo. Kwa hiyo keti na afisa wako wa fedha, msome mkataba mmoja baada ya mwingine, na kando ya kila salio mwandike limetolewa kwa kazi gani. Hakikisheni pia kwamba taarifa za kila mwaka na hesabu zilizokaguliwa zimefika kwa Msajili, kama Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Na. 24 ya mwaka 2002, inavyotaka, kwa sababu kilichosahauliwa na aliyeondoka utaulizwa wewe.

Habari ya ufundishaji ni ndefu zaidi. Mkurugenzi yule yule, katika mwezi wake wa kwanza, aliamuru stoo ifagiliwe. Ndani yake mlikuwa na magogo ya ngoma yaliyochongwa yakaachwa bila ngozi, yenye vumbi na utando wa buibui. Akaona ni takataka, na mlinzi akayapasua kuni. Kumbe yalikuwa mtaji wa fundi wetu mzee, aliyeyaacha kivulini yakauke taratibu yasije yakapasuka. Kila ilipopatikana ngozi ya mbuzi, aliwaita watoto wanne, wakaishika ikiwa bado imelowa, wakaivuta sawasawa huku yeye akigonga kigingi kimoja upande huu na cha pili upande unaokabiliana nacho, ili ngozi isilalie upande mmoja. Ikiisha kukauka aliipasha kwa moto wa makuti, akaigonga kwa kidole kimoja, akatega sikio, akairudisha motoni. Mtoto aliyeshika ngozi ile hakuhitaji kuelezwa kwa nini ngoma hulegea wakati wa mvua. Somo hilo halikuandikwa katika ratiba yoyote, na ndiyo sababu mgeni hakuliona. Mzee hakugomba, aliacha tu kuja, na watoto wake wakaacha kuja.

Basi kaa darasani, mwanangu, bila daftari la ukaguzi mkononi. Wazazi nao usiwachukulie kama watu wa kuelimishwa; Tanga ni mji wa Black Star na Lucky Star, vikundi vile vya taarabu, na huenda bibi anayemsubiri mjukuu wake nje ya uzio anaijua taarabu kuliko meneja wako wa mafunzo. Ninyi wageni watatu msifanye kambi yenu, mkala pamoja na kunong'ona pamoja, maana walimu wataanza kusema “wale” na “sisi”, na neno hilo likishaingia halitoki upesi.

Liko jambo moja ambalo hukuniuliza. Mtafute mwenyekiti wa bodi faraghani, umuulize kama kuna mwalimu wa siku nyingi aliyeomba nafasi yako akaikosa. Kama yupo, nenda kwake ukapige hodi kabla hamjakutana ofisini, wala usipeleke ahadi ya cheo. Msalimie kwa heshima ya umri wake, umwambie umekuja kujulikana, ukae mpaka chai iishe.

Ninazo ngozi mbili za mbuzi nilizowekewa na mchinjaji wa hapa mtaani, zimekauka vizuri. Ningezipakia kwenye basi la Jumamosi, lakini muulize kwanza fundi wa ngoma wa hapo kituoni kama anazitaka, na kama anazitaka na manyoya yake au zikiwa zimenyolewa.

Ni mimi mama yako.